Konokono wadogo, konokono wakubwa na kichocho: maswali tunayoulizwa sana huku Kigoma

Kila tukishuka mwaloni Katonga au Kibirizi na machujio na mabeseni ya konokono watu wanatuzunguka na maswali ni yaleyale, kwahiyo nimeyaandika hapa na majibu yake mtu asome kwa nafasi yake na amtumie jirani. Mengi ni ya kichocho kwa ujumla, ila lile la umri wa konokono ndo linaniuma zaidi, kwa sababu watu wanamuogopa konokono mkubwa na kumpuuza mdogo, wakati mambo yanaanzia kwa huyohuyo mdogo.

Konokono anahusikaje na kichocho? Si ni minyoo tu?

Ni minyoo ndio, ila haiwezi kutoka kwa mtu mmoja ikaingia kwa mwingine moja kwa moja, lazima ipite kwa konokono kwanza. Mtu mwenye kichocho akijisaidia majini au karibu na maji, mayai ya mnyoo yakigusa maji ya ziwa au mto yanaanguliwa na kutoa kitu kidogo sana kinaitwa mirasidia. Huyo hali chochote, ana muda mfupi tu wa kuishi, kama siku moja hivi na nguvu yake iko kwenye masaa ya mwanzo, na kazi yake ni moja, kumtafuta konokono anayemfaa na kutoboa ngozi yake laini ya mguuni au kichwani. Akishaingia anazaliana humo ndani wiki kadhaa, kwa joto la kwetu hesabu kama wiki nne mpaka sita, alafu konokono anaanza kutoa sekaria, ambao ndo wanaotoboa ngozi yako wewe ukiwa unaoga au unafua.

Mirasidia mmoja tu akifanikiwa anaweza kuleta sekaria maelfu kwa maelfu, na wote wanakuwa wa jinsia moja, yani wote madume au wote majike. Mjerumani Theodor Bilharz alimuona mnyoo mwenyewe Cairo mwaka 1851, lakini ikabidi kusubiri mpaka 1915 ndo Mwingereza Robert Leiper akaonyesha kulekule Misri kwamba konokono wa maji baridi ndo wanambeba. Miaka yote hiyo katikati watu walikuwa wanaumwa na hawajui wanaupatia wapi.

Ina maana konokono wote wa ziwani ni hatari?

Hapana, na hili nawaomba mlielewe vizuri. Ziwa Tanganyika lina konokono wa aina nyingi sana ambao huwapati ziwa lingine lolote duniani, wengine magamba yao mazuri ukidhani yametoka baharini, na hao hawatuletei kichocho. Wa kichocho cha tumbo ni Biomphalaria, gamba lake limekunjwa bapa kama kamba iliyoviringishwa chini, rangi ya kahawia, mtu mzima wake ana upana wa sentimita moja au zaidi kidogo. Huyu hapendi mawimbi. Utamkuta pale maji yametulia, kwenye matete, midomo ya mito, mifereji, madimbwi ya pembeni, na hata amejibana kwenye chupa ya plastiki iliyoelea. Bonde la Luiche kule chini ya Ujiji lina maji mengi ya namna hiyo. Wa kichocho cha mkojo ni Bulinus, yeye gamba limesimama na mdomo wake ukiushika ukuangalie uko upande wa kushoto.

Ni kweli konokono mdogo anaambukizwa kirahisi kuliko mkubwa?

Kwa sehemu kubwa ndio. Ukichukua konokono wa Biomphalaria wa milimita tatu mpaka tano, ukaweka kila mmoja kwenye maji yake na idadi ileile ya mirasidia, alafu ukafanya hivyohivyo na konokono wakubwa wa ukoo uleule, mara nyingi wadogo watakaopata ni wengi kuliko wakubwa. Hii imeonekana maabara tangu zamani na imerudiwa sana.

Aliyelifungua hili jambo vizuri ni mtafiti wa Marekani, Charles Richards, miaka ya 1960 na 1970. Alizalisha konokono kwa ukoo, akajua nani mtoto wa nani, akawapima wakiwa wadogo akawapima tena wakishakua, na akakuta hawako sawa hata kidogo. Kuna ambao hawaambukizwi kabisa, wawe wadogo wawe wakubwa. Kuna wanaoambukizwa umri wowote. Kuna wanaoambukizwa wakiwa wadogo tu, wakishakua mlango unafungwa. Na kuna ambao utotoni wanapata wote ila ukubwani inakuwa huyu anapata huyu hapati. Na kingine alichokiona ni kwamba ukinzani wa ukubwani ulikuwa unarithiwa kwa njia nyepesi, kama jeni moja kubwa hivi (jeni ni kile kinachobeba sifa za kurithi), lakini wa utotoni unategemea jeni kadhaa kwa pamoja. Kwahiyo "huyu konokono ana kinga" siyo jibu kamili, inabidi uulize ana kinga akiwa na umri gani.

Kwanini mdogo ndo anazidiwa?

Konokono hana kinga kama ya kwetu ya kutengeneza antibodi, ila ana seli za ulinzi zinazozunguka kwenye damu yake, na damu ya Biomphalaria kwa taarifa yako ni nyekundu, ina himoglobini. Mirasidia akiingia hizo seli zinamfuata, zinamzingira, zinajipanga kumzunguka tabaka juu ya tabaka, alafu zinammwagia kemikali kali, mojawapo ni haidrojeni peroksaidi, ileile inayotumika kuoshea vidonda. Kwa konokono mwenye ukinzani hiyo kazi inaisha ndani ya siku moja mbili na ukimpasua ukaangalia unakuta mabaki tu ya mdudu.

Sasa mdogo seli zake ni chache, na hata zilizopo uwezo wake wa kuua hauko kama wa konokono mkubwa. Mirasidia anapata nafasi ya kujificha na kugeuka hatua inayofuata, na akishajikita humo ndani anaanza yeye mwenyewe kuzivuruga zile seli, ndo maana zile siku za mwanzo zinaamua karibu kila kitu.

Ila umri siyo ngazi ya kupanda tu, kwamba kila wiki kinga inaongezeka. Kinachoonekana ni kwamba mabadiliko mengi yanatokea pale konokono anapobalehe na kuanza kutaga, na kuna koo ambazo hali inageuka kadri umri unavyokwenda. Anayekuambia "kuanzia milimita nane yuko salama" anakudanganya.

Mbona mkipima kwetu mnakuta wakubwa ndo wenye vimelea?

Hili swali nalipenda kuliko yote, aliuliza mama mmoja anayeanika dagaa pale mwaloni, na ameona sahihi kabisa.

Twende taratibu. Tukishakusanya konokono tunawaosha, tunamuweka kila mmoja kwenye kikopo chake cha kioo chenye maji safi kidogo, alafu tunavipanga juani kuanzia saa nne hivi asubuhi, kwa sababu sekaria wa kichocho cha binadamu wanatoka na mwanga, hasa saa tano mpaka saa tisa alasiri. Ukishapita muda unainua kikopo unakiangalia kwa lenzi ukiweka kitu cheusi nyuma yake. Kwenye vikopo vingi hamna kitu. Alafu unafika kwenye kimoja maji yote yanachezacheza, vinyuzi vyeupe vidogo mno, mkia umegawanyika mara mbili mwishoni, vinapanda juu vinatulia vinashuka, vinapanda tena. Ukimuonyesha mtu hapo ndo anarudi nyuma hatua mbili. Na ukimtazama konokono wa kikopo hicho mara nyingi ni mkubwa.

Sasa kumbuka nimesema toka mirasidia aingie mpaka sekaria watoke ni wiki nne mpaka sita. Konokono aliyeambukizwa akiwa na milimita nne, hizo wiki hajasimama, anakula anakua. Siku unayomkuta anatoa sekaria ameshakuwa mkubwa. Kwahiyo unachokiona leo kwenye kikopo ni ugonjwa alioupata zamani akiwa mdogo, na yule mdogo unayemkuta hatoi chochote leo inawezekana tayari anao, bado haujaiva tu. Ongeza na hili, mkubwa ameishi siku nyingi, amekutana na mirasidia mara nyingi zaidi, hata kama kila mara uwezekano ni mdogo zile mara zinajumlishana.

Alafu kuna suala la nafasi na chakula. Ndani ya konokono mkubwa kuna nyama nyingi ya mnyoo kutumia, kwahiyo akiupata anatoa sekaria wengi kwa siku kuliko mdogo. Na wadogo sana wakiingiwa na mirasidia wengi kwa mpigo wengi wao wanakufa kabla hawajafikia kutoa. Kwahiyo kwa mnyoo, konokono mzuri ni yule mwenye udogo wa kuingilika na uhai wa kutosha kufika ukubwani.

Basi konokono mkubwa asiye na vimelea ni salama moja kwa moja?

Siyo hivyo. Kupungua kwa uwezekano siyo kuisha.

Hizo si ni tafiti za konokono wa Wazungu? Wa kwetu je?

Swali zuri na jibu lake linatubana kidogo. Kazi nyingi ya umri imefanyika kwa Biomphalaria glabrata, ambaye kwao ni Amerika ya Kusini na Karibiani, anafugika vizuri maabara. Kwetu Afrika yupo Biomphalaria pfeifferi wa vijito, mifereji na mabwawa, na Biomphalaria sudanica anayependa matete ya pembeni mwa maziwa. Huyu pfeifferi anajulikana kwa kuambukizwa kirahisi sana, kwahiyo kwake usitegemee kwamba akikua atakuwa ngome. Sudanica anakuwa mgumu zaidi. Ule mpangilio wa mdogo kuwa rahisi ni wa kuaminika kama mwongozo, ila nguvu yake inategemea aina ya konokono na pia mnyoo wa sehemu hiyo, maana konokono anayemkataa mnyoo wa sehemu moja anaweza kumpokea wa sehemu nyingine bila shida.

Konokono akishaambukizwa anakuwaje? Anapona?

Wachache vimelea vinaisha vyenyewe lakini wengi wanakaa navyo mpaka kufa, na wanakufa mapema kuliko wenzao wazima. Kinachotokea cha ajabu ni kwamba mnyoo unamhasi konokono. Mwanzoni kuna wakati anaongeza kutaga kwa siku chache kama anayewahi, alafu anaacha kabisa, nguvu zote zinakwenda kutengeneza sekaria. Aliyeambukizwa kabla hata hajaanza kutaga anaweza asiache kizazi kabisa.

Nikiokota wote wakubwa hapa mwaloni si nimemaliza tatizo?

Kaka, natamani ingekuwa hivyo. Ukiokota wakubwa umepunguza sekaria wa wiki hii, na hilo siyo baya, mradi usiokote kwa mikono mitupu ukiwa umesimama majini saa saba mchana, tumia chujio lenye mpini mrefu, gambuti na glavu. Ila umewaachia nafasi na chakula wadogo, na wao ndo walioko kwenye umri wa kuambukizwa. Konokono hawa kila mmoja ana uume na uke, akikosa mwenza anajipandikiza mwenyewe, mmoja akibaki anaanza ukoo upya. Mayai yake yako kwenye ute ung'avu amebandika chini ya jani au kwenye plastiki, yanaanguliwa ndani ya wiki moja hivi, na baada ya mwezi au mwezi na nusu hao watoto nao wanataga.

Kwahiyo kinachosaidia zaidi kwa mwananchi wa kawaida ni kutoa majani ya majini na takataka pale watu wanapoogea na kuchota, maana unaondoa wakubwa, wadogo na mayai kwa pamoja. Bata wanakula konokono ndio, wafuge, ila hawatamaliza. Samaki pia, kuna baadhi ya jamaa wa sato wenye meno ya kuponda magamba, na wakivuliwa hovyo kwa makokoro mpaka wachanga, konokono wanapumua. Ziwa Malawi limeshaonyesha hilo, samaki wala konokono walipopungua kichocho kikasogea mpaka fukwe ambazo zamani zilikuwa salama.

Dawa ya kuua konokono ipo, inaitwa niklosamaidi, Shirika la Afya Duniani linaikubali na mwongozo wake wa 2022 umependekeza itumike sambamba na dawa za watu. Lakini inaua na samaki, kwahiyo inapigwa na wataalamu sehemu maalumu, siyo mtu kununua na kumwaga. Na ikipigwa mara moja haitoshi, waliojificha matopeni na mayai yaliyosalimika ndani ya wiki chache yanakuwa kundi jipya la wadogo tupu. Dizeli, sabuni ya unga, chumvi, tafadhali msimwage ziwani, mnaharibu maji mnayokunywa na mazalia ya dagaa wenu, na konokono anajifungia kwenye gamba anasubiri yapite.

Kuna msimu wa kuogopa zaidi?

Mvua kubwa za huku zinaanzia kama Novemba mpaka Aprili. Kwenye vijito maji yakienda kwa kasi konokono wengi wanazolewa, alafu mvua zikipungua na maji yakatulia waliobaki wanazaliana haraka na unakuta madimbwi yamejaa wadogo. Kinachonitisha ni pale huo wingi wa wadogo unapokutana na kinyesi kinachosombwa kuingia majini, kwa sababu vyoo vifupi vya pembeni mwa ziwa mvua inavifikia, na ziwa lenyewe likipanda kama lilivyopanda karibu na 2021 linavifuata hukohuko. Hesabu wiki tano mbele, maji mazuri, jua kali, watoto wamefunga shule wanaogelea, na wale wadogo sasa wameiva. Ukitaka kufanya kampeni ya choo kijijini kwako usisubiri watu waumwe, ifanye konokono wakiwa bado wadogo.

Pembeni mwa ziwa lenyewe mabadiliko ni madogo, maambukizi yanaweza kuwepo mwaka mzima.

Eti nyani nao wana kichocho?

Ndio, nyani wa Gombe walishapimwa miaka ya 1990 wakakutwa na Schistosoma mansoni, mnyoo wa kichocho cha tumbo, uleule wa kwetu. Hiyo isiwe sababu ya kuwasingizia nyani, walio wengi pembeni mwa ziwa ni watu.

Mimi niko Tabora, hatuna ziwa, inanihusu?

Inakuhusu sana. Mashamba ya mpunga, malambo ya ng'ombe na mabwawa ndo makazi ya Bulinus, na huko kichocho kinachosikika zaidi ni cha mkojo, mtoto anakojoa damu. Huyu Bulinus baadhi yake lambo likikauka anajifukia kwenye tope, anakaa miezi, mvua ikirudi anaamka na kutaga, kwahiyo mwanzo wa msimu unakuwa na wazee wachache waliobaki na watoto wengi sana ambao ndo wageni kwa mirasidia. Dada zetu wanaopandikiza mpunga wanasimama humo kutwa, na kwa mwanamke kichocho cha mkojo kinaweza kuumiza mpaka njia ya uzazi, kikafichwa miaka kwa kudhaniwa ni ugonjwa wa zinaa. Mwenye dalili asione aibu aende akapime mkojo.

Maji ya kuoga nyumbani niyafanyeje?

Yachemshe, au yachote uyaweke kwenye dumu au pipa safi lenye mfuniko siku mbili kamili bila konokono ndani, sekaria wakikosa ngozi wanakufa. Chuja kwa kitambaa safi wakati wa kuchota ili usibebe konokono, maana wengine huwezi kuwaona kirahisi na akiingia kwenye pipa mmoja ambaye tayari anatoa sekaria, zile siku mbili hazina maana. Kunywa usinywe hivihivi, sekaria wanapenya hata kwenye ngozi laini ya mdomoni, na kuna magonjwa mengine kibao.

Mwanangu kaogelea jana Ujiji, nimpe dawa leo?

Mama, pole na wasiwasi, lakini leo dawa haitamsaidia sana. Prazikwanteli, ndo dawa ya kichocho, inaua minyoo iliyokomaa, minyoo michanga inaponyoka, na toka sekaria aingie mpaka awe mnyoo anayetaga ni kama wiki tano mpaka saba. Muangalie, akipata homa, kikohozi, vipele au tumbo kumsumbua wiki zinazofuata mpeleke kituo cha afya na uwaambie wazi kwamba aliogelea ziwani na tarehe yake, wasije wakaishia kupima malaria tu. Kama hana dalili mpeleke akapimwe choo baada ya miezi miwili hivi, akikutwa nayo atapewa vidonge kwa uzito wake, na ale kwanza kabla ya kumeza maana tumboni tupu vinachafua. Ile dawa ya shuleni ya kupimwa kwa fimbo ya urefu naye ameze ikifika, hata kama alishatibiwa, kwa sababu haizuii kuambukizwa upya.